Polima za koodinesheni zenye ukairali na mwanga wa leza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa kemia na fizikia wanaokutana na mada hii kwa mara ya kwanza. Mengine ni ya watu ambao tayari wana unga wao kwenye kichupa na leza imewagomea. Anayejua misingi aruke hadi swali la 7.

## Misingi

1. Polima ya koodinesheni ni nini? Ni aina ya plastiki?

Hapana, ni fuwele. Ndani yake ioni za metali zimeunganishwa na molekuli za kikaboni ziitwazo ligandi. Kila ligandi hushika metali zaidi ya moja, kwa hiyo muundo unaendelea bila kukatika: kama uzi, kama tabaka, au kama wavu unaoenea pande zote tatu. Usitarajie kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, maana nyingi huungua kabla ya kuyeyuka.

Zile zenye matundu ndani yake huitwa MOF. Kila MOF ni polima ya koodinesheni, ila si kila polima ya koodinesheni ni MOF. Kwa kazi ya mwanga, matundu mara nyingi ni usumbufu (swali la 15).

2. Na ukairali?

Tazama mikono yako: kila mmoja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, lakini hakuna namna ya kuulaza mmoja juu ya mwingine ukaoana, viganja vyote vikitazama upande mmoja. Molekuli ya namna hiyo huitwa kairali. Fuwele nayo huwa kairali pale ulinganifu wake unapokuwa wa kuzunguka tu, au kuzunguka na kusogea kama skrubu, bila kioo wala kitovu cha ulinganifu (nukta ambayo kila kilicho upande wake mmoja kina kinyume chake upande wa pili) ndani yake. Kati ya vikundi 230 vya nafasi vinavyoweza kuelezea fuwele yoyote, 65 ndivyo vinavyokubali muundo wa aina hiyo.

Louis Pasteur aliliona jambo hili mwaka 1848 alipotenganisha kwa mkono fuwele za chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi ya tartariki, za kulia huku na za kushoto kule. Alibahatika na hali ya hewa pia. Chumvi hiyo hujitenga hivyo chini ya nyuzi joto 27 hivi tu. Juu ya hapo mikono yote miwili huingia katika fuwele moja. Angeifanya kazi hiyo Dar es Salaam mwezi Februari, bila kiyoyozi, asingekuwa na cha kutenganisha.

3. "Optiki isiyo ya mstari" maana yake nini?

Mwanga unapopita kwenye kitu, uga wake wa umeme husukuma elektroni huku na huku. Mwanga ukiwa hafifu, elektroni huitikia kwa uwiano: uga ukiongezeka maradufu, mwitikio nao huongezeka maradufu. Taa, jua na mshumaa vyote viko hapo. Leza yenye nguvu huzisukuma elektroni mpaka uwiano huo unavunjika, na katika hesabu ya mwitikio hujitokeza sehemu inayokwenda kwa mraba wa uga, kisha nyingine inayokwenda kwa mchemraba wake.

Sehemu ya mraba ndiyo inayotafutwa zaidi. Kwa sababu yake fotoni mbili huingia na moja hutoka ikiwa na nishati ya zote mbili. Leza ya nanomita 1064, isiyoonekana kwa macho, hutoa mwanga wa kijani wa nanomita 532. Hiyo ndiyo harmoniki ya pili.

Leza ya kwanza ilijengwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake, Chuo Kikuu cha Michigan, walielekeza leza ya rubi ya nanomita 694.3 kwenye kipande cha quartz, wakapata alama hafifu ya nanomita 347 kwenye bamba la picha. Alama hiyo haionekani katika makala iliyochapishwa. Inasimuliwa kwamba mtu wa uchapishaji aliidhani ni uchafu, akaifuta. Quartz yenyewe ni fuwele kairali, hivyo mada hii ina umri sawa na fani nzima.

4. Kwa nini fuwele yenye kitovu cha ulinganifu haitoi harmoniki ya pili?

Geuza mwelekeo wa uga wa mwanga. Ndani ya fuwele yenye kitovu, kila upande una mwenzake aliye sawa naye, kwa hiyo mwitikio lazima nao ugeuke. Lakini sehemu ya mraba haijali alama: hasi ikizidishwa kwa hasi ni chanya, na jibu linabaki vilevile. Namba pekee inayoweza kugeuka na kubaki ilivyo ni sifuri.

Habari mbaya ni kwamba molekuli hupenda vitovu. Kikundi kimoja tu cha nafasi, P2₁/c, ambacho kina kitovu, kimebeba takriban theluthi moja ya miundo yote ya kampaundi za kikaboni iliyowahi kupimwa. Mkemia anayeunganisha vitu ovyo na kungoja bahati atangoja sana.

5. Kwa hiyo ukairali unasaidia wapi hasa?

Unaondoa kamari hiyo. Ukitumia ligandi ya mkono mmoja tu, fuwele haiwezi kuwa na kitovu, kwa kuwa kitovu kingeidai molekuli ya mkono wa pili, na haimo kwenye chupa. Masharti ya swali la 4 yamekwisha kutimia kabla hujawasha jiko.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Ukairali unaruhusu harmoniki ya pili, ila hausemi lolote juu ya ukubwa wake. Angalia fuwele zinazotumika viwandani: KTP, niobeti ya lithiamu, BBO, KDP. Hakuna hata moja iliyo katika tabaka (yaani kundi la fuwele zenye ulinganifu wa aina moja) la kairali. Zote hazina kitovu, na hilo limezitosha. Nguvu ya harmoniki hutokana na jinsi elektroni zinavyohama kwa urahisi kutoka upande mmoja wa molekuli hadi mwingine, na jinsi molekuli hizo zilivyopangwa, zikisaidiana au zikifutana. Sampuli inaweza kuwa kairali kwa asilimia mia na ikawa dhaifu kuliko quartz.

6. Je, kila fuwele kairali hutoa harmoniki ya pili, hata kama ni kidogo?

Karibu kila moja. Kuna matabaka 11 ya fuwele kairali. Katika tabaka la 432 ulinganifu mwingine unaifuta kabisa. Katika 422 na 622 hufutika pia pale mwanga unaoingia na unaotoka yote iko mbali na rangi ambazo fuwele inazinyonya. Kwa hiyo ukikuta P4₁2₁2 kwenye matokeo yako ya eksirei (kipimo kinachoonyesha muundo wa fuwele), usilaumu leza: hicho ni kikundi cha tabaka la 422, na kampaundi kairali huangukia humo mara nyingi kiasi.

Hata yaliyobaki hayalingani. P2₁2₁2₁, kipenzi cha molekuli kairali, kwa masharti hayohayo hubaki na kipimo kimoja tu cha harmoniki (namba inayoeleza nguvu yake kwa mwelekeo fulani wa fuwele), wakati P2₁ ina vinne. Mimi ningeshangilia P2₁.

## Kutengeneza

7. Nichague metali gani?

Anza na zinki au kadimiamu, ambazo ganda lao la d limejaa. Hazinyonyi mwanga unaoonekana, kwa hiyo fuwele huwa nyeupe au angavu na kijani kinachozaliwa ndani hutoka salama. Fedha na shaba yenye chaji moja ziko kundi hilohilo, ingawa fedha huharibiwa na mwanga na shaba hiyo huogopa hewa.

Kobalti yenye chaji mbili hutoa fuwele nzuri za waridi, na waridi hiyo inatokana na kunyonya mwanga wa karibu nanomita 500 na kidogo, palepale jirani na 532. Fuwele itazalisha na kujilia yenyewe. Kadimiamu ni sumu, tena hukaa mwilini miaka mingi. Kama zinki inatoa muundo uleule, tumia zinki.

8. Ligandi kairali zinapatikana wapi?

Nyingi zinatoka kwenye mimea, kwa sababu viumbe hai hutengeneza mkono mmoja tu. Asidi ya tartariki, ileile ya Pasteur, ndiyo inayoupa ukwaju ukali wake. Kafuri ikioksidishwa hutoa asidi ya kamforiki, ambayo imezalisha familia kubwa ya polima kairali kwa sababu umbo lake gumu huielekeza metali vizuri. Ziko pia asidi ya laktiki, asidi ya maliki na asidi amino zote isipokuwa glisini.

Kwinini ni mfano wa karibu zaidi na kwetu. Mti wake, mkwinini, ulipandwa na Wajerumani Amani katika milima ya Usambara, na mashamba ya Kivu yalikuja kuwa chanzo kikubwa cha dawa hiyo. Molekuli yake ina vituo kadhaa vya ukairali. Mwaka 2001 kikundi cha Ren-Gen Xiong nchini China kilichapisha polima ya kadimiamu iliyojengwa kwa kwinini iliyooksidishwa. Iliweza kuchuja mkono mmoja wa alkoholi ndogo kutoka kwenye mchanganyiko. Mwaka mmoja kabla, Kimoon Kim na wenzake wa Korea Kusini walitoa POST-1, ya zinki na ligandi iliyotokana na asidi ya tartariki. Hizo mbili hazikutafutiwa mwanga, zilitafutiwa kazi ya kemia, lakini ndizo zilizowashawishi watu kwamba polima kairali zinajengeka kwa makusudi.

Tahadhari kwa anayetaka mwanga: asidi ya tartariki na asidi amino nyingi hazina elektroni za kuhamahama. Zitakupa fuwele isiyo na kitovu na harmoniki dhaifu. Changanya ligandi mbili: ndogo ya kairali ya kufukuza kitovu, na ndefu yenye pete za benzini au piridini, upande mmoja ukitoa elektroni na mwingine ukizivuta. Metali yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayovuta.

9. Naweza kupata fuwele kairali bila ligandi kairali?

Ndiyo, lakini huwezi kuagiza. Ligandi za kawaida hujisokota zikizunguka metali kama ngazi ya mzunguko, na fuwele moja ikachagua kulia, jirani yake kushoto. Kila fuwele ni kairali, ila kichupa kizima ni nusu kwa nusu. Athari zake ziko swali la 14.

Iko njia nyingine inayofukuza kitovu bila kuhitaji ukairali. Wenbin Lin na Owen Evans, huko Marekani, walitumia zinki na kadimiamu pamoja na ligandi zenye piridini upande mmoja na kaboksili upande wa pili, wakapata nyavu zenye mpangilio wa almasi. Nyavu hizo huwa na nafasi kubwa ndani, hivyo huingiliana. Zikiingiliana kwa idadi ya witiri, mfano tatu au tano, kitovu hakipati pa kukaa. Zikiwa shufwa, wavu mmoja unaweza kuwa kinyume cha mwenzake na kitovu kikarudi. Urefu wa ligandi ndio unaoamua idadi. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya akili kuliko kukusanya ligandi kairali na kuomba dua.

10. Fuwele zangu zilitoka kwenye ligandi ya mkono mmoja lakini eksirei inaonyesha kitovu. Inawezekanaje?

Yaelekea uliipika ligandi mpaka ikageuka. Fuwele hizi nyingi hukuzwa ndani ya maji au kiyeyushi, kwenye chombo cha chuma chenye bitana ya Teflon, kwa nyuzi joto 100 hadi 200 na kwa siku kadhaa, kisha hupozwa polepole. Joto la namna hiyo, hasa kukiwa na besi, hubadilisha asidi amino za mkono mmoja kuwa mchanganyiko wa yote miwili. Mikono yote ikishapatikana, kitovu hurudi kwake. Punguza joto, au acha kiyeyushi kivukize kwenye halijoto ya chumba, hata ikichukua wiki.

Na kwa kuwa tumegusa chombo cha chuma: baadhi ya polima zinazosifika kwa harmoniki, zile zenye pete za tetrazoli, hutengenezwa kwa azidi ya sodiamu ndani ya chombo hichohicho. Azidi ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu kali inayoweza kulipuka. Usiifanye peke yako, na usiifanye kabisa kama hakuna dohani ya maabara inayovuta vizuri.

## Kupima

11. Sina fuwele kubwa, nina unga tu. Nitapimaje?

Kwa njia ya S. K. Kurtz na T. T. Perry ya mwaka 1968, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe. Saga, chekecha unga upate madaraja ya ukubwa, kwa mfano kutoka mikromita 20 hadi 200, weka kila daraja kati ya vioo viwili, piga leza, pima kijani.

Kinachofundisha zaidi ni umbo la mchoro. Kijani kikiongezeka kadiri chembe zinavyokua kisha kikatulia kwenye kiwango kimoja, mwanga wa zamani na mpya unaweza kwenda pamoja ndani ya fuwele bila kupishana. Hiyo ndiyo inayofaa kwa kifaa. Kikipanda halafu kikashuka, mawimbi mawili yanapishana kasi na kufutana, na fuwele kubwa haitakusaidia. Fuwele zenye ulinganifu wa kyubiki ziko kundi hilo la pili daima, kwani kasi ya mwanga ndani yake ni sawa pande zote na hakuna pembe ya kusawazisha.

12. Makala inasema "mara kumi ya quartz". Ni nyingi?

Si nyingi. Katika jaribio la unga, KDP huizidi quartz zaidi ya mara kumi, na urea huizidi KDP kwa mbali. Mwandishi anayechagua quartz kuwa kipimo anajua namba itapendeza machoni. Kabla hujashangaa, tafuta vitu vitatu: kililinganishwa na nini, chembe za pande zote mbili zilikuwa na ukubwa gani, na leza ilikuwa ya nanomita ngapi. Kikikosekana kimoja, namba hiyo haiwezi kulinganishwa na ya makala nyingine yoyote. Ni nyingi mno zinazokosa.

13. Nitajuaje kijani hiki si fluoresensi?

Wengi husema: ongeza nguvu ya leza mara mbili, kijani kikipanda mara nne ni harmoniki. Haitoshi. Ligandi inaweza kunyonya fotoni mbili kwa pamoja na kung'aa, na mng'ao huo nao hupanda kwa mraba. Kinachotofautisha ni spektra. Harmoniki ni mstari mwembamba uliosimama palepale kwenye nusu ya urefu wa wimbi la leza, na ukibadilisha leza nao unahama. Fluoresensi ni kilima kipana, hukaa kwenye mawimbi marefu zaidi kuliko nusu hiyo, na hakihami.

Jambo la macho: mwanga wa 1064 hauonekani, kwa hiyo jicho halifumbi. Retina itaungua kabla hujahisi. Vaa miwani ya leza inayotaja namba hiyo, si miwani ya jua.

14. Eksirei inasema kairali, leza haionyeshi kitu. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Kwanza angalia tabaka (swali la 6), kisha rangi ya fuwele (swali la 7). Baada ya hapo angalia kigezo cha Flack, namba iliyopendekezwa na Howard Flack mwaka 1983. Ikiwa karibu na sifuri, fuwele ni ya mkono mmoja. Ikiwa karibu na 0.5, ndani ya fuwele hiyohiyo mna vipande vya kulia na vya kushoto vimeshonana. Vipimo vya harmoniki vya mikono miwili vina alama kinyume, kwa hiyo vipande vidogo vilivyoshonana hufutana.

Watu hudhani basi na unga wenye nusu kulia nusu kushoto (swali la 9) lazima ufutane. La. Chembe zilizotengana zimelala ovyo, kila moja inatoa mwanga wake bila kupatana na jirani, na tunachojumlisha ni ukali wa mwanga, ambao hauna alama hasi. Unga wa nusu kwa nusu hung'aa sawa na unga wa mkono mmoja.

Kinyume chake nacho hutokea: eksirei inasema kuna kitovu, leza inatoa kijani cha wazi na safi. Hapo mimi humwamini leza kwanza, nikarudi kuangalia kama muundo ulisuluhishwa kwenye kikundi chenye ulinganifu kupita kiasi.

## Pembezoni

15. Matundu na maji ndani ya fuwele yana shida gani?

Maji yakitoka, muundo mara nyingi hubomoka na harmoniki hufa nao. Joto la leza kali linatosha kuyafukuza. Pima uzito huku ukipasha joto kabla ya kupeleka sampuli. Ila kuna wanaoligeuza tatizo hili kuwa zana: fuwele inayobadilisha ukali wa kijani molekuli fulani inapoingia kwenye matundu ni kitambuzi.

16. Vipi sehemu ya tatu, ile ya mchemraba?

Haihitaji ukairali wala kukosa kitovu. Kila kitu kinayo, hata glasi. Hupimwa kwa Z-scan, njia ya Mansoor Sheik-Bahae na wenzake ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo sampuli husogezwa kupita mahali lenzi inapokusanya mwanga. Inafaa kwa vizuizi vya leza, yaani vitu vinavyopitisha mwanga hafifu na kufunga ulio mkali. Ukairali unapotajwa kwenye makala ya namna hiyo, uliza unafanya kazi gani humo.

17. Mkono wa kulia na wa kushoto hutoa kijani tofauti?

Kwa leza ya kawaida, ukali ni uleule. Tofauti hujitokeza ukitumia mwanga unaozunguka, yaani ule ambao uga wake wa umeme huzunguka kama skrubu unaposafiri: fuwele ya mkono mmoja inaweza kuitikia mwanga unaozungukia kulia kwa namna moja na unaozungukia kushoto kwa nyingine. Hapa ndipo ukairali unapokuwa na kazi yake yenyewe, si ya kufukuza kitovu tu, na ningependa kuona watu wengi zaidi wakishughulika na upande huu.

18. Zimeshaingia kwenye bidhaa?

Bado. Kalamu ya leza ya kijani ya mhadhiri wako ina KTP. Fuwele za oksidi hustahimili joto na leza kali, hukuzwa hadi ukubwa wa kidole, na nyingi hazinyonyi unyevu kirahisi. Polima za koodinesheni bado zinatafuta mahali ambapo wepesi wa kubadilisha muundo wake una thamani kuliko uimara: filamu nyembamba, vitambuzi, vipande vya ukubwa wa mikromita.

19. Nipo chuo cha Afrika Mashariki, hatuna leza ya aina hiyo. Niache?

Usiache. Kutengeneza kunahitaji mizani, tanuri na uvumilivu. Kwa eksirei ya fuwele moja, X-TechLab ya Sèmè City, kituo cha ubunifu nchini Benin, hufundisha watafiti wa Afrika kazi hiyo, na African Laser Centre, mtandao ulioanzishwa mwaka 2003, uliundwa ili kuwaunganisha wenye leza na wasio nazo. Kabla ya kutuma sampuli, hakikisha mambo ya swali la 15, kisha uichekeche mwenyewe na uweke alama ya ukubwa kwenye kila kichupa. Tuma pamoja nayo KDP uliyoichekecha kwa chekecheo hilohilo, maana ukiiacha maabara itumie ya kwao, utabaki na namba ya aina ile ya swali la 12.